Aliyedaka Ndiye Anayepiga

Salma alinipigia simu mwezi uliopita kuniambia kwamba wanaondoa vitu kwenye nyumba ya mama yake mtaani Bordesley Green, na nyuma ya kochi ameokota kitu changu. Nikamwambia mimi kwenu sikuacha kitu, labda hasira. Akacheka, akanitumia picha: padi ya gemu niliyokuwa nikichezea mimi, ya kijivu, waya wake umefungwa plasta ya hospitali pale ulipokatika. Plasta ile aliifunga mama yangu. Bi Zuwena, mama yake Salma, alikuwa amefariki wiki chache kabla, na kwenye msiba sikutoa chozi hata moja, nilibeba masahani tu kama wengine. Picha ile ndiyo iliyoniliza, nimesimama kwenye foleni ya duka na mfuko wa viazi mkononi.

Wengi wa rika langu mliokulia mji huu mnajua jinsi tulivyolelewa: mama yuko kazini, mtoto yuko kwa jirani. Mama alikuwa nesi aliyesomea Kenya, lakini hapa Uingereza, kabla karatasi zake hazijakubaliwa, aliwaosha wagonjwa na kutandika vitanda kwenye hospitali iliyokuwa mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwetu. Bi Zuwena, Mzanzibari wa nyumba ya tatu, alimwona siku moja akinivuta barabarani huku anafunga vifungo vya sare. Akatoka mlangoni na kanga yake akasema, "Mlete hapa huyo. Kwani mtoto anakula kiasi gani?" Tangu siku hiyo, kila baada ya shule na wakati wa likizo, mimi nilikuwa mtoto wa Bi Zuwena hadi Mama atoke kazini.

Mama alinipa masharti matatu: shikamoo mlangoni, viatu nje, na nisibishane na mtu yeyote ndani ya nyumba ile. "Pale tunasaidiwa," alisema. "Ukileta maneno huko, Kerubo, mimi nitakupeleka wapi?" Nilikuwa na miaka kumi. Nilimwelewa vizuri kabisa, na nililichukia lile sharti la tatu vizuri kabisa pia.

Salma alikuwa mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja. Mjomba wake alikuwa amemnunulia mashine ya gemu ya mtumba, na ndani yake kulikuwa na diski iliyokwama isitoke tena, hata ukiichokonoa kwa kijiko. Ilikuwa gemu ya besiboli. Hatukumjua mtu hata mmoja aliyewahi kucheza besiboli. Idi, kaka yake Salma, aliyekuwa na miaka kumi na minne na sauti iliyoanza kukwaruza, aliitazama mara moja akasema ni mchezo wa wajinga, na kwa hiyo ikawa yetu.

Kwa wasioujua mchezo: mpigaji anaupiga mpira kwa gongo, na ukivuka ukuta wa mwisho wa uwanja ukiwa hewani, hiyo ndiyo home run. Mpigaji anazunguka uwanja polepole, anapunga mikono, hana wa kumgusa. Lakini kule mwisho kabisa, mbali na kila mtu, amesimama mlinzi wa nyuma. Akiwahi kufika ukutani, akaruka, akapitisha mkono wenye glavu upande wa pili, anaweza kuurudisha mpira ambao uwanja mzima umekwisha kuuaga. Kwenye gemu yetu kulitokea duara la njano kwenye nyasi kuonyesha mahali pa kusimama. Ukilifikia, unabonyeza kitufe, na mtu wako anapanda ukuta kama paka. Halafu kamera inarudi kwa mpigaji, aliyekwisha kuinua mikono kushangilia, na unamwona anaishusha. Nilimpenda sana yule mtu wa kushusha mikono. Nilikuwa tayari kufungwa kwa mabao ishirini mradi nimwone mara moja.

Baadaye tukaanza kwenda maktaba kutazama video za wachezaji wa kweli, vichwa vyetu viwili kwenye kompyuta moja. Wa kweli hawakuwa na duara la njano. Walisikia mlio wa gongo, wakaugeuzia mpira mgongo, wakaukimbilia ukuta kwanza. Waliutafuta kwa mkono kama mtu anayetafuta swichi ya taa, na wakishajua ulipo ndipo walipotazama juu. Wengine walidaka na kupinduka nao wakaangukia ng'ambo, miguu juu, kisha wakaibuka wameuinua mpira, na mwamuzi akakunja ngumi: mpigaji ametoka, zamu yake imekwisha. Nilizitazama hizo za kupinduka kuliko zote. Niliamini kwamba hivyo ndivyo sheria ya kudaka ilivyo duniani kote.

Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na kiwanja cha nyasi, na mwisho wake ukuta wa matofali ulionifika kifuani. Idi na wenzake walichezea kriketi hapo kila alasiri ya kiangazi. Pipa la taka la magurudumu ndilo lililokuwa vijiti, ambavyo mpigaji anavilinda na mrushaji anavilenga; vikigongwa, mpigaji ametoka. Mpira ulikuwa wa tenisi, umezungushiwa utepe wa mafundi umeme ili uende kasi. Sheria yao kubwa ilikuwa moja: aliyedaka ndiye anayepiga. Ukimtoa mtu kwa kudaka mpira wake, gongo ni lako. Bi Zuwena akituona tumekaa na gemu siku nzima alitutoa nje kwa ufagio, na Idi akituona nje alituonyesha kidole kuelekea mwisho wa kiwanja. "Nyinyi wawili, back there, ukutani."

Hapa ndipo inaponibidi nijicheke. Nilidhani ametupa heshima. Kwenye gemu, na kwenye video, mtu wa ukutani ndiye shujaa, ndiye anayeandikwa jina kwa herufi kubwa. Nilikwenda kule nimenyoosha mabega. Nilisimama wiki tatu hivi, nikiungojea mpira jioni nzima, najiambia kwamba Idi ameona kipaji changu. Mpira ukivuka ukuta nilipanda nikauleta. Ukivuka tena, nikapanda tena. Majani yanayowasha yaliota kule ng'ambo, na miguu yangu ilijaa vipele hadi mwalimu, kabla shule haijafungwa, akauliza kama nyumbani tuna kunguni. Sikuwahi kushika gongo, wala Salma, kwa sababu mipira ya kudakwa haifiki ukutani. Inayofika kule imekwisha kuwa ya kuokotwa.

Salma ndiye aliyeniambia. Alikuwa ameketi juu ya ukuta anakula chipsi, wala hakuwa na nia mbaya. Wakati ule sisi tuliozaliwa au kukulia huku tulisikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, kwa hiyo aliyasema kwa Kiingereza, lakini mimi nayakumbuka kwa Kiswahili. "Unadhani wanatuweka hapa kwa nini? Ili wao wasipande ukuta. Idi aliniambia tangu mwaka jana."

Sikuwa na huzuni, niwe mkweli. Nilikuwa na hasira safi ya mtoto wa miaka kumi, na haijanitoka yote. Watu wazima wenzangu huniambia, mlikuwa watoto tu, mbona unalibeba jambo dogo namna hii. Nalibeba kwa sababu lilikuwa langu. Mtu aliniona nafaa kuokota, akanionyesha kidole, na mimi nikamshukuru moyoni wiki tatu nzima. Nikaamua nitalishika lile gongo kabla kiangazi hakijaisha, na nitalishika kwa kudaka, mbele ya Idi.

Mpira wenyewe ulikuja baada ya siku mbili. Aliyekuwa akipiga ni Bilal, jirani wa Kipakistani, mrefu, mpole, aliyezijua sheria za kriketi kama wengine wanavyojua majina ya ndugu zao. Nilisikia mlio. Nikageuka, nikaupa mgongo, nikakimbia. Mkono wangu ukagusa tofali, nikainua macho, na mpira huo hapo, mweusi, unashuka ng'ambo. Nikaweka mguu kwenye ukuta, nikajitupa juu, nikaubana kwa mikono miwili. Kisha nikapinduka nao nikaangukia kwenye yale majani, uso kwanza.

Niliinuka nimeunyanyua juu kama wale wa kwenye video, nikasubiri shangwe. Walikuwa wanacheka. Idi alikuwa amekwisha kuonyesha vidole sita.

"Six," alisema. "Leta mpira."

"Nimedaka. Bilal katoka. Mimi ndiye napiga."

Bilal akaja hadi ukutani, akanieleza taratibu kama mtu anayemweleza mgeni njia. Ukiugusa ukuta na mpira mkononi, ni six, pointi sita za mpigaji. Ukivuka nao, ni six. Nikamwambia kwenye besiboli anakuwa ametoka, nimeona kwa macho yangu. Akasema kwa huruma ya kweli kabisa, "Lakini hii si besiboli."

Basi nikaketi. Niliketi palepale kwenye yale majani, ng'ambo ya ukuta, na mpira tumboni, na nikakataa kuutoa. Hawakuwa na mwingine. Idi alinitisha, akanibembeleza, akaniita majina, akamwambia Salma anilete. Salma akamjibu, nenda mwenyewe, una miguu. Sijui nilikaa muda gani. Najua tu kwamba vipele vilifika mapajani na kwamba nilifurahi sana.

Aliyenitoa ni Mama. Alikuwa akitoka kazini kupitia kiwanjani, na Idi akamkimbilia. "Anti, Kerubo kachukua mpira wetu, hataki kurudisha." Mama alinitazama mimi, halafu akatazama nyumba ya Bi Zuwena. Leo najua alikuwa akiwaza kesho yake na shifti yake ya asubuhi. Bi Zuwena alikuwa amekwisha kutoka, ameshika mwiko.

"Mtoto wa kike kuruka kuta," alisema Bi Zuwena. "Na miguu imemvimba hivyo. Njoo nikupake mafuta, mwanangu."

"Kwanza amwombe kaka yake msamaha," alisema Mama.

Nilipanda ukuta. Nikauweka mpira chini, si mkononi mwa Idi. "Samahani kwa kukaa na mpira," nikasema.

"Na?" Mama aliuliza.

"Basi."

Alinitolea jicho lile ambalo kila mtoto wa Kikenya analijua. Nilikuwa tayari kuchapwa. Bi Zuwena akasema, "Muache, mama Kerubo, keshaomba," akamgeukia Idi na kumwambia kitu kwa sauti ya chini kilichomfanya atazame viatu vyake.

Nyumbani Mama alinikalisha kwenye ukingo wa bafu akaanza kunipaka dawa. Nilingoja mahubiri. Badala yake akauliza, "Huo mpira, uliushika kweli?"

"Ndiyo."

"Na sheria yao inasemaje?"

Nikamweleza kama Bilal alivyonieleza. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi wao ndio wako sawa, na wewe umekosea." Nikaanza kulia, kwa hasira. Akaendelea kupaka. "Sikiza. Mimi nimedunga watu sindano miaka kumi na moja. Sasa hivi kuna kasichana pale wodini kananifundisha kukunja shuka. Nakunja vile wanataka. Lakini kile kitabu chao cha mtihani wa manesi nakisoma chote, hata zile sehemu hawaulizi, juu siku hiyo sitaki mtu aniambie kuna kitu sikujua. Wewe ulienda pale na sheria ya runinga. Nenda ujue ya kwao yote. Halafu uone kama watacheka."

Kesho yake nikamfuata Bilal. Sijawahi kuona mtu akifurahi kuulizwa swali namna ile. Alichora kwa kijiti kwenye udongo, akafuta, akachora tena. Kumbe mlango ulikuwepo. Mdakaji akiwa hewani, hajagusa ukuta, akaurudisha mpira ndani kabla hajagusa kitu, na mwenzake akaudaka kabla haujaanguka chini, mpigaji ametoka. Nilimwapisha Bilal mara mbili kwamba hanidanganyi.

Tulifanya mazoezi sebuleni kwa Bi Zuwena. Mpira wetu ulikuwa soksi zilizokunjwa, na ukuta ulikuwa mgongo wa kochi. Salma anarusha, mimi naruka, nashika, namrudishia kabla tumbo halijagusa kochi. Mwanzoni niligusa kila mara. Tulivunja kikombe kimoja. Bi Zuwena alilalamika kwamba tunaibomoa nyumba ya watu, kwamba mashetani gani haya yametuingia, na huku analalamika aliisogeza meza ya kioo hadi ukutani, akaitandikia blanketi, akarudi jikoni. Gemu tuliizima siku nyingi. Salma, aliyekuwa haongei sana mbele ya kaka yake, alianza kuniamrisha: juu zaidi, haraka zaidi, usiangalie soksi, niangalie mimi.

Shule ilikuwa karibu kufunguliwa wakati Bilal alipoupiga mwingine wa namna ile. Mimi na Salma tulikuwa ukutani, kama kawaida. Mlio, mgongo, mbio, mkono kwenye tofali. Safari hii nilirudi hatua moja nyuma ili nipate nafasi. Niliruka kwa miguu miwili, nikaupata kwa mkono wa kulia juu ya ukuta, na nilipohisi naanza kuangukia mbele nikaurudisha kwa nyuma, bila kuona, mahali ambapo kochi lilinifundisha kwamba Salma atakuwepo. Tumbo likagonga matofali, pumzi ikanitoka. Nilipogeuka, Salma alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi na mpira kifuani.

Kwa mara ya kwanza hawakucheka. Bilal aliinamisha gongo. Mikono yake ilikuwa imeanza kuinuka, na niliiona ikishuka. Nakiri nilikufurahia kule kushuka kuliko inavyostahili kwa mtu mpole kama yule.

"Haihesabiki," alisema Idi. "Nani kadaka? Huyu karusha, huyu kashika. Nusu nusu. Hakuna aliyedaka."

"Nimetoka," alisema Bilal. "Ndiyo sheria."

"Basi gongo la Salma, kama ni hivyo. Yeye ndiye wa mwisho kuushika."

Alijua anachofanya. Niliona wivu, nusura niseme neno baya, maana mruko ulikuwa wangu na tumbo lililochubuka lilikuwa langu. Salma alikwenda hadi kwa Bilal, akalipokea gongo, akarudi nalo katikati ya kiwanja. Nyumbani kwao Idi hajibiwi, ni mkubwa.

"Tumedaka wawili," alimwambia kaka yake, kwa Kiswahili, ili lisibaki swali. "Tunapiga wawili. Kerubo kwanza."

Akanipa gongo. Lilikuwa zito kuliko nilivyotarajia, na mpini wake ulikuwa na jasho la Bilal. Nikasimama mbele ya pipa. Idi mwenyewe alichukua mpira, akarudi nyuma sana, akakimbia, akautupa kwa nguvu zake zote. Sikuuona hata kidogo. Nilisikia pipa likilia nyuma yangu.

Sasa walicheka, kiwanja kizima. Nilikuwa nimelishika gongo kwa muda wa pumzi moja. Nikampa Salma. Idi, bado anacheka, akaninyooshea kidole kuelekea kule kule. "Haya, ukutani."

Nikatembea hatua nne, nikasimama karibu na Bilal, pale wanaposimama wenye kucheza.

"Nimesema ukutani."

"Nenda wewe," nikasema.

Sikumwita kaka, kama nilivyotakiwa kumwita mkubwa wangu. Nilijua hilo linaweza kufika kwa Mama kabla sijafika mimi, na sharti la tatu nilikuwa nimelivunja mchana kweupe. Idi aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kutafuta wa kumpeleka kule. Kila mmoja aligundua ana kazi na kamba za viatu vyake. Bilal akasema watu wanasubiri, tupa mpira.

Akautupa kwa dada yake vilevile, kwa nguvu zote. Salma alifumba macho, nina hakika, nilimwona, na akazungusha gongo. Mpira ukapita juu ya kichwa cha Idi, juu ya nyasi zote, ukavuka ukuta na kutumbukia kwenye yale majani. Kule hakukuwa na mtu. Tulisimama tukatazama ukuta, halafu tukamtazama Idi, hadi alipoelewa kwamba hakuna anayekwenda. Akaenda, akapanda, akarukia ng'ambo. Tulimsikia akifurukuta na kuguna mle ndani, kisha akaita jina langu, nimsaidie kutafuta. Sikwenda.